"Barbara Allen": Wimbo wa Kinywa na Karatasi

Mwaka 1907 Cecil Sharp, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alidai kwamba wimbo wa jadi wa Kiingereza ni zao la watu wa kawaida, wasiofinyangwa na elimu rasmi. Msomi Francis Gummere alikwenda mbali zaidi: kwake, chimbuko la tungo hizi ni umati uliocheza na kutunga kwa pamoja. Msomi mwenzake Louise Pound alimjibu mwaka 1921, na kwa maoni yangu hoja ya umati haijasimama tena tangu hapo. Dai la Sharp, hata hivyo, bado linarudiwa madarasani. "Barbara Allen", wimbo wa 84 kati ya 305 alizokusanya Francis James Child, unalipinga waziwazi.

Ushahidi mkuu ni shajara ya Samuel Pepys, ofisa wa idara ya jeshi la majini. Tarehe 2 Januari 1666 aliandika jinsi alivyofurahi kumsikia Bi Knepp akiuimba, akauita wimbo mdogo wa Kiskoti. Tumtazame mwimbaji huyo. Si mkamuaji maziwa wa kijijini. Ni mwigizaji wa jukwaani London, anaimba nyumbani kwa Lord Brouncker, mbele ya wakubwa, wakati kumbi za maigizo zimefungwa kwa sababu ya tauni. Hii ndiyo kumbukumbu ya kwanza tuliyo nayo ya wimbo huu, na imo mikononi mwa msanii wa kulipwa. Haitupi jina la mtunzi, lakini inamnyima Sharp haki ya kuanzia shambani. Wanaodai kuwa wimbo huu ni kijembe kwa Barbara Villiers, hawara wa Charles II, hawana wanachokishika isipokuwa jina.

Baada ya hapo karatasi ilifanya kazi yake: nakala za kuuzwa mitaani kabla ya karne ya 17 kwisha, mkusanyiko wa Allan Ramsay mwaka 1740, kisha wa Thomas Percy mwaka 1765.

Mtu atauliza: kama karatasi ndiyo iliyouhifadhi wimbo huu, mbona nyimbo nyingi zilizochapwa zilikufa? Swali ni la haki, na jibu limo katika kisa chenyewe. Kijana anakufa kwa mapenzi. Barbara anafika shingo upande, anamwambia kwamba anakufa, anaondoka. Kengele ya msiba inalia, naye anamfuata kaburini. Kwa nini alikuwa na moyo mgumu hivyo? Kwa Ramsay, kijana alimdharau mbele ya wenzake kilabuni. Katika nakala ya mitaani sababu hiyo haipo kabisa. Kila mwimbaji analazimika kuamua amhukumu nani, na uamuzi huo ndio uhai wa wimbo. Waridi na mmea wa miiba vinavyosokotana juu ya makaburi viliongezwa baadaye kutoka tungo nyingine, mwisho wa wapendanao ukapata faraja.

Sharp mwenyewe, akiwa na Maud Karpeles katika milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918, alirekodi matoleo kadhaa yanayotofautiana. Wanafunzi wa fasihi simulizi wayasome matoleo hayo pamoja na nakala zilizochapwa, si badala yake.