Bioglasi katika tiba ya saratani ya mifupa

Bioglasi ni aina ya kioo kinachoweza kushikamana na mfupa hai badala ya kukataliwa na mwili. Ni mojawapo ya biomata zisizo ogania, yaani vitu kama kauri, kioo na metali vinavyowekwa mwilini kwa ajili ya tiba. Hutumika kujaza mapengo ya mifupa, na wataalamu wanachunguza namna ya kuitumia pia kuua seli za saratani zinazobaki baada ya upasuaji.

Historia

Bioglasi ilibuniwa mwaka 1969 na Larry Hench, mtaalamu wa kauri katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Wazo lilitokana na mazungumzo yake na afisa wa jeshi aliyetoka katika vita vya Vietnam, ambako askari wengi walikatwa viungo kwa sababu mwili ulikataa metali na plastiki zilizokuwapo. Kifaa cha kwanza cha bioglasi kuruhusiwa Marekani, mwaka 1985, kilikuwa cha kuchukua nafasi ya vifupa vya sikio la kati.

Muundo na utendaji

Bioglasi ya kwanza, iitwayo 45S5, ina silika 45%, oksidi ya sodiamu 24.5%, oksidi ya kalsiamu 24.5% na oksidi ya fosforasi 6% kwa uzito. Kioo cha dirisha kina silika nyingi zaidi, ndiyo maana hakiyeyuki kwa urahisi.

Ikiguswa na majimaji ya mwili, bioglasi huanza kuyeyuka polepole. Ioni za sodiamu na kalsiamu hutoka, na juu yake hujengeka tabaka la kalsiamu na fosfati linalofanana na madini ya mfupa wenyewe. Seli zinazojenga mfupa hushika tabaka hilo na kuanza kazi.

Matumizi dhidi ya saratani

Osteosakoma ni saratani inayoanzia ndani ya mfupa. Huwapata zaidi vijana wanaokua, hasa karibu na goti, na mara nyingi husambaa hadi mapafuni. Zamani tiba ya kawaida ilikuwa kukata mguu au mkono. Siku hizi wagonjwa wengi hupewa dawa za kemotherapia kabla na baada ya upasuaji, na kiungo huweza kuokolewa. Lakini mfupa uliotolewa huacha pengo, na seli chache za saratani zikibaki, ugonjwa hurudi.

Njia zinazochunguzwa ni hizi:

* Kuongeza galiamu. Ioni ya galiamu inafanana na ioni ya chuma. Seli za saratani, zinazohitaji chuma kingi ili kugawanyika, huipokea kwa wingi, lakini haiwezi kufanya kazi ya chuma, hivyo seli hushindwa kuzaliana na kufa.
* Kutumia joto. Bioglasi yenye chembe za oksidi ya chuma hupata joto ikiwekwa katika uga sumaku unaobadilikabadilika. Joto la takriban nyuzi 42 hadi 45 za selsiasi huathiri seli za saratani kuliko seli za kawaida.
* Kubeba dawa. Bioglasi yenye vitundu vidogo sana huweza kutoa dawa polepole palepale penye ugonjwa, ili sehemu nyingine za mwili zisipate madhara makubwa.

Mipaka

Bioglasi ni dhaifu na huvunjika ikibebeshwa uzito mkubwa, hivyo peke yake haifai kuchukua nafasi ya mfupa wa paja. Matumizi yake dhidi ya saratani yamejaribiwa zaidi katika maabara na kwa wanyama. Hayajachukua nafasi ya upasuaji na kemotherapia. Kwa sababu hiyo utambuzi wa mapema bado ndio kinga kubwa ya kiungo na ya uhai: maumivu ya mfupa yasiyoisha kwa kijana, hasa yanayozidi usiku au yenye uvimbe, yanahitaji kupimwa hospitalini kwa eksirei, yasidhaniwe tu kuwa ni jeraha la michezo.