Hesabu ya Nyumbani na Hesabu ya Shuleni

Mzazi aazimiaye kumfunza mtoto wake mdogo hesabu nyumbani, kabla ya kumpeleka shule au badala ya kumpeleka, hukabiliwa na swali ambalo hata wakuu wa elimu wamepata kulikosea: mtoto aanzie wapi? Je, aanze kwa kushika vitu na kuvihesabu, au aanze kwa kufundishwa kwanza namba ni nini? Swali hili si geni kwetu. Katika Afrika ya Mashariki limekwisha kujibiwa kwa njia mbili zilizopingana.

Njia ya kwanza ni ya jikoni na dukani. Katika miji ya pwani mtoto alikutana na hisabati mikononi mwa mama yake. Kipimo kidogo cha nafaka kilikuwa kibaba, hicho hicho ambacho methali husema kuwa hujazwa na haba na haba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi. Basi mtoto aliyetumwa kuleta kisaga cha mchele alikwisha kuijua nusu ya pishi, na aliyetumwa kibaba aliijua robo yake, ingawa hajapata kusikia mtu akitaja neno sehemu. Urefu nao ulipimwa kwa mwili: shibiri mbili kwa mkono mmoja, mikono minne kwa pima moja. Nguo za biashara zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kanga huuzwa kwa doti hata leo. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mtoto aliyejua kwamba doti moja ni vipande viwili, na korija moja ni nguo ishirini, alikwisha kufahamu kwamba kundi zima laweza kuhesabiwa kama kitu kimoja. Juu ya wazo hilo ndipo kuzidisha kulipojengwa, pamoja na mtindo wetu wote wa kuandika makumi na mamia.

Kibarazani kulikuwa na bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Atazamaye wazee wakicheza bao la Kiswahili huona kwamba mchezaji hodari hahesabu kete moja moja. Hutupa jicho tu akajua zitaishia shimo lipi, zitakula nini, na zitaendelea mpaka wapi.

Hata hivyo tusiisifu mno hesabu hii. Ilikuwa ni ya mdomo na ya mkono, haikuwa na maandishi kwa walio wengi, na aliyezijua pishi zote za sokoni hakuweza kwa ajili hiyo kuzidisha 347 kwa 28. Tena kibaraza cha bao kilikuwa cha wanaume, na wasichana wengi walikosa mazoezi hayo ya akili.

Njia ya pili ilitoka mbali. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik angani, na Wamarekani, kwa hofu ya kuachwa nyuma, wakaanza kuyabadili masomo yao ya sayansi na hisabati. Mabadiliko hayo hayakuchelewa kutufikia. Kuanzia mwaka 1962 walimu na wataalamu wa hisabati kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vipya vya shule za msingi na za sekondari. Ndiyo ile iliyokuja kujulikana kama Hisabati Mpya. Ndani yake mwanafunzi alianza na seti na uhusiano wa seti, na alitakiwa aelewe sababu ya kila hatua kuliko kukariri majedwali.

Nia yao ilikuwa njema, na kwa kweli kukariri bila kuelewa kulikuwa kumewachosha watoto na walimu. Lakini walimu wengi walikabidhiwa vitabu kabla ya kuandaliwa vya kutosha, na mzazi, hata yule aliyesoma, alipofungua daftari la mwanawe hakuona hesabu aliyoijua. Hasara hiyo ya mwisho ndiyo niionayo kubwa kuliko zote. Nyumba, iliyokuwa shule ya kwanza ya hesabu, iliambiwa kwamba haina la kufundisha.

Wapo walioiona hatari hiyo mapema. John Gay na Michael Cole, waliochunguza namna watu wa kabila la Kpelle nchini Liberia wanavyojifunza, walitoa kitabu chao mwaka 1967. Walipowataka watu wakisie vikombe vya mchele vilivyomo chomboni, wakulima wa Kpelle wasiojua kusoma walikaribia hesabu sahihi kuliko Wamarekani wenye elimu. Mwaka huo huo Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea na kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi, hata ikawezekana mtoto asome hesabu katika lugha ile ile anayotumwa nayo dukani. Kenya nayo iliiacha Hisabati Mpya mwaka 1981.

Kosa halikuwa seti. Kete zilizomo katika shimo moja ni seti, na chungu ya maembe sokoni ni seti. Kosa lilikuwa kumpa mtoto jina kabla ya kitu, kisha kumkataza mama yake asimsaidie.

Mzazi wa leo anayechagua kitabu cha hesabu kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano au sita na aupime ukurasa wake wa kwanza: je, unamwambia mtoto ashike nini? Mchezo wa bao la Kiswahili huanza kila mchezaji akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Mtoto aliyezipanga mwenyewe amekwisha kutoa 10 katika 32. Kilichobaki ni kumpa kalamu na kumwonyesha jinsi jambo hilo linavyoandikwa.