Mkwaju wa Kinyume: Historia ya Alama ya Kuepa katika Lugha za Programu

Makala haya yanachunguza jinsi mkwaju wa kinyume (\) ulivyopata kuwa alama ya kuepa katika lugha ya C na lugha zilizoifuata. Alama ya kuepa huiarifu kompyuta kwamba herufi inayofuata isisomwe kwa maana yake ya kawaida. Kwa mfano, \n huagiza mstari mpya, na \" ni alama ya mtajo isiyofunga maandishi. Hoja inayotetewa ni kwamba alama hii ilitokana na jedwali la herufi la Marekani, na gharama yake ikawaangukia watumiaji wa lugha nyingine.

Mkwaju wa kinyume haukubuniwa kwa kazi hiyo. Robert Bemer, aliyeshughulikia uingizwaji wake katika ASCII, alieleza kuwa ulikusudiwa kuandikia alama za mantiki za lugha ya ALGOL: /\ kwa "na", \/ kwa "au". Toleo la ASCII la mwaka 1963 liliupa nafasi ya 92. Wakati huo kazi ya kuepa ilifanywa na alama nyingine. BCPL ya Martin Richards ilitumia kinyota, na B ya Ken Thompson ikakirithi: mstari mpya uliandikwa *n. Ni C ya Dennis Ritchie, iliyokua kutokana na B katika maabara ya Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyoweka mkwaju wa kinyume mahali pa kinyota.

Uteuzi huo uligongana na kiwango cha kimataifa cha ISO 646, kilichoruhusu mataifa kuijaza nafasi ya 92 kwa herufi zao. Denmark iliweka Ø, Ujerumani Ö, na Japani alama ya yen. Hivyo, kwenye mtambo wa Kidenmark, \n ilionekana kama Øn. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kilijaribu kutatua tatizo hilo kwa kuruhusu ??/ isimame badala ya \. Suluhisho hilo liliwezesha uandishi lakini lilivuruga usomaji, na hatimaye likaondolewa katika toleo la C23.

Kiswahili hakina herufi iliyonyang'anywa nafasi, lakini hakikusalimika. Ritifaa ya ng' ni sehemu ya tahajia. Katika JavaScript, PHP na Python, ritifaa hiyohiyo hufungua na kufunga maandishi. Mwandishi wa programu akiandika 'ng'ombe', maandishi hukatika baada ya ng, na sehemu inayobaki huwa kosa. Hana budi kuandika 'ng\'ombe' au kutumia alama za mtajo maradufu. SQL hufuata njia tofauti, ya kurudia ritifaa: 'ng''ombe'.

Kwa hiyo, alama ya kuepa isichukuliwe kuwa kanuni ya kiufundi tu. Ni kumbukumbu ya maamuzi kuhusu herufi zipi zihesabiwe kuwa za kawaida, na zipi zihitaji kuombewa ruhusa.