Sembe, serikali na soko: tulichojifunza kwa njaa na kwa shibe

Mwaka 1983, mtu aliyesafirisha gunia moja la mahindi kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam bila kibali alikuwa anavunja sheria. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa kilo 30. Zilizozidi zilihesabiwa kuwa magendo, na kwenye vizuizi vya barabarani ziliweza kushushwa na kutaifishwa. Mwaka 1984 kiwango kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 zuio likaondolewa kabisa. Aliyeitwa mlanguzi akawa mfanyabiashara anayelipa ushuru sokoni.

Katika kipindi hicho kifupi Tanzania iligeuza jibu lake kwa swali zito: nani ahakikishe mtu wa kawaida anapata chakula, serikali au soko? Ni nchi chache zilizojaribu majibu yote mawili kwa bidii kama yetu. Kwa hiyo historia ya sembe inafaa kusomwa na kila anayedhani jambo hili ni jepesi.

Bei moja nchi nzima

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa, na mwaka uliofuata likazaliwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Biashara ya jumla ilishikwa na shirika la STC, ambalo mwaka 1973 liligawanywa kuwa kampuni za biashara za mikoa, RTC. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na NMC ikawa inanunua mazao moja kwa moja vijijini. Mwaka huohuo Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini, yakitakiwa kupisha maduka ya kijiji.

Nia ilikuwa njema, na matunda yake yalionekana. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya kununulia mahindi nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na mkulima wa Morogoro, na gharama ya lori ikabebwa na NMC. Kwa watu wa Rukwa na Ruvuma, kulima mahindi ya kuuza kulianza kulipa. Mikoa hiyo miwili iliungana na Iringa na Mbeya kulisha taifa. Mjini nako sembe iliuzwa kwa bei ya ruzuku, ili mfanyakazi wa kiwandani ale sawa na bosi wake.

Mzigo ukalemea. Ukame wa mwaka 1973 hadi 1975 ulilazimisha nchi kuagiza nafaka kwa wingi, na serikali ikahimiza Kilimo cha Kufa na Kupona. Wazee wa mjini hawajasahau unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, waliouita unga wa Yanga. Kisha bei ya mafuta ikapanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikafuata. Fedha za kigeni zikakauka, malori yakakosa vipuri na matairi.

NMC ilinunua ghali, ikasafirisha ghali, ikauza rahisi, na tofauti ikawa deni benki. Wakulima walikaa miezi wakisubiri malipo. Nao walifanya ambalo mkulima yeyote angefanya: waliuza usiku kwa aliyekuja na fedha mkononi. Ghala la shirika likipungua, foleni mjini ilirefuka. Sembe, sukari, sabuni na mafuta ya kula vikawa vya mgawo, kwa kadi na kwa kaya. Bei ya serikali ilibandikwa ukutani, lakini bidhaa yenyewe ilipatikana uani kwa bei ya ulanguzi. Palipo na uhaba na bei ya kupangwa, mwenye ufunguo wa stoo ndiye mtawala.

Msako, kisha ruksa

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Alikuwa kiongozi mwadilifu, na wananchi waliochoka kufichiwa sabuni walimuunga mkono kwa dhati. Lakini msako huifichua bidhaa iliyofichwa, hauizalishi. Wenye maduka waliogopa kuweka chochote rafuni, na uhaba ukabaki palepale.

Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ndiyo iliyogeuza njia. Wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alipokea urais, mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na watu wakampa Rais jina la Mzee Ruksa. Maduka yalijaa tena. Tandale, Dar es Salaam, pakawa soko kubwa la mahindi yanayoletwa na wafanyabiashara binafsi, na foleni ya unga ikatoweka. Huo ni ushindi wa soko, na anayeukana hakusimama kwenye foleni ile.

Lumbesa

Lakini uhuru wa kununua na kuuza ulikuja na wababe wake. Gunia la kawaida la mahindi hubeba debe sita, kama kilo 100. Mnunuzi anayefuata mzigo shambani hutaka lumbesa: gunia lililoshindiliwa, likaongezwa kipande juu na kushonwa kwa kamba, likameza debe la saba au zaidi. Hulipwa kama gunia moja. Mkulima anayedaiwa ada ya shule, asiye na mizani wala lori, hukubali. Likifika sokoni, mahindi yaleyale hupimwa kwa kilo.

Wa mbali waliumia zaidi. Bei moja ya taifa ilipokufa, gharama ya barabara mbovu ilihamia mgongoni mwa mkulima wa Rukwa na Ruvuma. Ruzuku ya mbolea nayo ilipunguzwa mwaka hadi mwaka, ikaisha kabisa katikati ya miaka ya 1990. Soko halikwenda kulikokuwa na uhitaji; lilikwenda kulikokuwa na faida.

Serikali ikarudi taratibu. Vocha za pembejeo zilianza mwaka 2008, na mwaka huohuo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulianza kazi ya kutunza akiba ya nafaka. Sheria ya mwaka 2009 iliunda Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, iliyorithi mali za NMC. Hata zuio lilirudi: Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Mavuno yakawa mazuri, bei ikaporomoka, na mkulima akabaki na magunia yasiyo na mnunuzi.

Miaka yote hii inatufundisha jambo moja. Serikali ilishindwa ilipotaka kuwa peke yake mnunuzi, msafirishaji, msagaji na muuzaji. Soko lilishindwa lilipoachiwa kazi isiyo na faida: kumfikia wa mbali, kumlinda asiye na mizani, kuweka akiba ya mwaka wa ukame. Kwa hiyo tuidai serikali kazi hizo hasa. Ijenge barabara za mazao, isimamie vipimo bila kumwogopa mwenye lori, ijaze maghala wakati wa mavuno na imlipe mkulima kwa wakati, na isifunge mipaka kwa tamko la siku moja. Muuzaji wa unga anaweza kuwa yeyote. Wa kujibu watu wanapolala njaa hawezi kuwa mwingine ila serikali waliyoichagua.