Kutoka Majimaji hadi Mayi-Mayi

Jina Mayi-Mayi, lililoenea Fizi na Baraka katika vita vya 1998–2003, humshawishi msomaji kuliona kuwa ni mtoto wa Majimaji ya Tanganyika ya 1905–1907. Kimaumbo, hoja hiyo ina nguvu. Yote mawili ni uradidi wa mzizi mmoja. Maji ya Unguja, mai ya Amu na mayi ya Kivu ni neno lile lile, na kila umbo lina silabi mbili: ma-ji, ma-i, ma-yi. Mayi, basi, si maji yaliyoharibiwa na Wakongo, kama wapendavyo kusema baadhi ya watu wa pwani.

Historia, hata hivyo, yapita njia nyingine. Mwaka 1964, Simba walipoiteka Uvira na kuishika milima ya Fizi, walikingwa kwa dawa, na ukelele wao ulikuwa “Mai Mulele”: mzizi ule ule, lakini umeambatanishwa na jina la Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa Kwilu, mbali sana magharibi. Uradidi haumo. Che Guevara aliikuta dawa hiyo kwa wapiganaji wa Fizi mwaka 1965. Hivyo kiungo kilicho karibu zaidi na Mayi-Mayi ni Kwilu, wala si Ngarambe ya Kinjikitile, ingawa pote paliaminiwa kwamba risasi zingegeuka maji. Katika usemi wa kawaida, kwa kweli, majimaji ni unyevu tu.