Rambo na Komando: filamu ambayo hatukuiona

Kila mtu aliyekulia karibu na kibanda cha video anaijua sheria moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akatumbukia mtoni, akafungwa kamba na kuachwa ndani ya nyumba inayoungua, lakini dakika za mwisho utamwona tu anaamka. Sisi tuliotoka Kongo tulizoea kumwita akteri, wenzetu wa Tanzania wakamwita stelingi, lakini sheria ni ile ile. Sasa swali: ukiweka mastelingi wawili ndani ya filamu moja, na wanapigana wao kwa wao, nani anakufa?

Msicheke. Swali hili liliwahi kuandikiwa jibu na watu wazima kabisa, huko Hollywood. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waandishi wawili, Mike Werb na Michael Colleary, walikuwa wanatembeza skripti ambayo ndani yake waliwawazia Arnold Schwarzenegger na Sylvester Stallone wakiwindana. Yaani Komando na Rambo. Hiyo filamu, ya hao wawili, haikutengenezwa mpaka leo. Tumeona tuisimulie historia yake, kwa sababu kilichoizunguka kinafanana sana na mambo tunayoyaona hapa kambini.

Tuanze na wenyewe.

Stallone alizaliwa New York mwaka 1946, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Italia. Schwarzenegger alizaliwa mwaka 1947 katika kijiji cha Thal, Austria, wakati nchi hiyo bado inakaliwa na majeshi ya kigeni baada ya vita. Aliingia Marekani mwaka 1968, kijana wa miaka 21, Kiingereza chake cha kuokoteza, mtaji wake misuli. Hawakuwa wakimbizi, tusichanganye mambo. Lakini mmoja ni mtoto wa mgeni na mwingine ni mgeni mwenyewe, na wote wawili waliambiwa kwamba kwa namna wanavyoongea hawatafika popote kwenye uigizaji.

Stallone alitangulia. Aliandika mwenyewe skripti ya Rocky akiwa hana kitu mfukoni. Watayarishaji waliitaka, ila walitaka staa mwenye jina aigize. Akakataa: bila mimi, hamuipati. Filamu ikatengenezwa kwa kama dola milioni 1 tu, ikatoka mwaka 1976, na ikashinda Oscar ya filamu bora. Januari 1977, kwenye sherehe za tuzo za Golden Globe, wawili hawa walikuwa ukumbi mmoja. Schwarzenegger alipata tuzo ya mwigizaji chipukizi kwa filamu ya Stay Hungry. Rocky nayo ilikuwa imeshindaniwa vipengele vingi na ilikuwa inakosa kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho ikapata cha filamu bora. Kwa simulizi ya Stallone mwenyewe, usiku ule uliishia yeye kumrushia mwenzake maua ya mezani.

Kuanzia hapo, mbio. Mei 1985 ikatoka Rambo ya pili. Oktoba mwaka huo huo ikatoka Commando. Huyu akibeba bunduki kubwa, yule anabeba kubwa zaidi. Huyu akiua kijiji, yule anaua kisiwa. Mwaka 1988, kwenye Twins, Schwarzenegger anapita mbele ya bango la Rambo III, anapima msuli wake na ule wa kwenye picha, anacheka. Kisha kuna ile ya mwaka 1992. Schwarzenegger amesimulia hadharani kwamba aliletewa skripti ya filamu moja ya kuchekesha, akaona ni mbovu kabisa, akafanya ujanja ionekane kama anaitaka sana. Stallone, asitake kupitwa, akaichukua. Filamu inaitwa Stop! Or My Mom Will Shoot, na watu waliicheka kwa sababu ambazo hazikukusudiwa. Ndivyo ushindani unavyofanya: unaacha kuuliza kama kitu ni kizuri, unauliza tu kama adui yako anakitaka.

Huku kwetu hayo yote hatukuyajua. Sisi tulipata kanda. Zilifika zimenakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zina mawimbi, zikaonyeshwa kwa jenereta, watu wamebanana kwenye mabenchi. Lugha haikuwa tatizo, kwa sababu palikuwa na wakalimani: Uganda VJ Jingo, Tanzania Lufufu, Kenya DJ Afro. Jina la Rambo likaingia mpaka sokoni. Tanzania mfuko wa plastiki uliitwa "rambo", na watu wameendelea kuuita hivyo hata baada ya kupigwa marufuku mwaka 2019. Na kila kibanda kilikuwa na kesi yake isiyoisha: Rambo na Komando wakikutana, nani zaidi?

Sasa turudi kwenye skripti.

Werb na Colleary hawakutumwa na mtu. Waliandika kwanza, wakatafuta mnunuzi baadaye, sawa na fundi anayechonga kitanda bila oda. Hollywood hii ni kazi ya kawaida, na ni ya hatari. Kampuni inaweza kununua skripti, ikaiweka kabatini miaka. Inaweza kuiuza kwa kampuni nyingine. Inaweza kuita mwandishi mwingine aibomoe. Skripti zinazonunuliwa ni nyingi kuliko zinazopigwa picha, na mwandishi hana sauti ya kuamua.

Hadithi yao ilikuwa hivi. Kuna polisi na kuna gaidi. Ili kujua bomu liko wapi, polisi anakubali madaktari wamvishe uso wa gaidi, aingie gerezani kama yeye. Gaidi aliyekuwa amezimia anazinduka, hana uso, analazimisha avishwe uso wa polisi, kisha anakwenda kuishi nyumbani kwa polisi, na mke wake, na mtoto wake. Mnaona walichofanya hapo? Kila mwigizaji anaanza na mtu mmoja, halafu anageuka kuwa yule mwingine. Kila mmoja anapata kuwa mwema, kila mmoja anapata kuwa mbaya. Mwisho polisi anashinda, lakini anashinda akiwa ndani ya uso wa gaidi, na anayelala chini amevaa uso wa polisi. Stelingi amekufa na hajafa. Hakuna wa kulalamika.

Tunadhani hiyo ndiyo akili kubwa ya skripti ile. Mastaa wakubwa hugombania vitu ambavyo mtazamaji hata havioni. Mwaka 1974, kwenye The Towering Inferno, Paul Newman na Steve McQueen wote walitaka jina la kwanza. Suluhisho likawa hili: jina la McQueen likawekwa kushoto, chini kidogo, na la Newman kulia, juu kidogo. Ukisoma kutoka kushoto, McQueen wa kwanza. Ukisoma kutoka juu, Newman wa kwanza. McQueen akadai pia maneno ya kusema yawe sawasawa na ya mwenzake. Miaka mitano kabla, alikuwa amekosa kuigiza na Newman huyo huyo kwenye Butch Cassidy and the Sundance Kid, sababu ikiwa hiyo hiyo ya jina. Nafasi yake akaichukua Robert Redford, na ikamfanya Redford kuwa staa mkubwa.

Skripti ya kubadilishana nyuso ilikwenda mbali zaidi ya kupanga majina. Ilimtaka kila mmoja amsome adui yake: anatembea vipi, anacheka vipi, akikasirika mdomo unakwenda upande gani. Fikiria Schwarzenegger akilazimika kuwa Stallone kwa saa nzima, na Stallone akilazimika kuwa Schwarzenegger. Huwezi kumwigiza mtu vizuri kama unamdharau. Lazima umwangalie kwa makini kwanza. Watu wawili waliotumia miaka kupimana misuli wangelazimika kupimana utu.

Haikutokea. Miaka ikapita, skripti ikahama mikono. Mwanzoni hadithi ilikuwa ya wakati ujao wa mbali, wenye mitambo ya ajabu, na mwongozaji John Woo kutoka Hong Kong aliikataa. Ilipoandikwa upya, mitambo ikapunguzwa na familia ikawekwa katikati, ndipo akakubali. John Travolta na Nicolas Cage wakachukua nafasi. Filamu ikatoka Juni 1997 kwa jina la Face/Off, ikakusanya kama dola milioni 245 duniani. Ni filamu nzuri, wengi wenu mmeiona. Ila Travolta na Cage hawakuwa maadui. Walikuwa waigizaji wawili wazuri wakifanya kazi yao.

Na wenye ugomvi? Kilichowakutanisha kwanza ni biashara: mwaka 1991 wote walisimama kwenye uzinduzi wa mgahawa wa Planet Hollywood huko New York. Pesa ilipatanisha kile ambacho sanaa haikuweza. Schwarzenegger akawa gavana wa California kuanzia Novemba 2003 hadi Januari 2011. Mwaka 2010 alitokea dakika chache tu kwenye The Expendables ya Stallone, wako kanisani, wanataniana. Filamu ya kwanza ambayo wote wawili waliibeba kama wahusika wakuu, Escape Plan, ilitoka Oktoba 2013. Stallone alikuwa na miaka 67, Schwarzenegger 66. Ndani ya Marekani ilikusanya kama dola milioni 25 tu. Na ndani yake ni wafungwa wanaosaidiana kutoroka. Ni vizuri, lakini ile kesi ya kibandani haikujibiwa. Walipokuwa na nguvu ya kuijibu hawakutaka kusimama pamoja. Walipotaka, watazamaji walikuwa wameshahamia kwingine.

Tuseme wazi kwa nini tunaandika haya. Ndani ya kambi moja tunayoifahamu, kuna makundi mawili ya maigizo. Yote mawili ni ya vijana, yote mawili yana watu wenye kipaji cha kweli. Kila mwaka ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, jukwaa ni moja, muda ni dakika chache, na posho ni ya kundi moja. Basi kila kundi linaandika igizo ambalo ndani yake lile lingine linachekwa. Mwaka mmoja iliombwa waandae igizo moja la pamoja. Walikubaliana mada, wakakubaliana mavazi, wakashindwa kukubaliana nani aigize mhusika mkuu. Siku ilifika, jukwaani wakapanda watu wa hotuba. Skripti yao tumeisoma. Ina kurasa 18, ni nzuri, iko ndani ya mfuko kwenye nyumba ya mtu. Baadhi ya walioiandika wameshapata safari, wako nchi nyingine. Hawatarudi kuicheza.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Hollywood. Rambo na Komando walikuwa na miaka ya kuchezea. Sisi mtu unaweza kuwa naye Jumatatu kwenye mazoezi, Ijumaa ukasikia jina lake limetoka kwenye orodha. Kabati letu la skripti likifungwa, mara nyingi hakuna anayerudi kulifungua.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, tunaomba jambo moja dogo. Mkitangaza posho ya kundi moja, mnatengeneza mastelingi wawili na kuwaambia mmoja afe. Jaribuni kutangaza kazi ambayo haiwezekani bila makundi mawili.

Na kwa wenzetu wa makundi yale mawili, mnajijua: ile skripti bado ipo. Nani aigize mhusika mkuu? Fanyeni kama Werb na Colleary. Nusu ya kwanza aigize wa kundi hili, nusu ya pili wabadilishane, kila mmoja amwigize mwenzake. Bado kuna muda kabla ya Juni.