Kitambaa cha Kuchujia Kahawa katika Nyumba za Kilosa na Mikumi

Wanaoandika habari za kahawa ya Tanzania hutazama sana shamba na soko: Bukoba, Kilimanjaro, bei ya gunia. Kilosa hutajwa mara chache, maana bonde lake lilijulikana kwa katani na pamba. Walakini kahawa hunywewa huko pia, na wale wafuatao desturi ya zamani huichuja kwa kitambaa. Kitambaa hicho chastahili kuchunguzwa, kwa kuwa hupinga maneno ya wale wasemao kwamba unywaji wa kahawa ni desturi ya kigeni iliyopokewa nzima nzima.

Kilosa ilikuwa katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Richard Burton alipita Usagara mwaka 1857, na Henry Stanley akavuka mbuga ya Mkata katika masika ya mwaka 1871, akihangaika sana kwa maji na tope. Fedha ya njia hiyo ilikuwa nguo: merikani iliyofumwa Marekani, na kaniki ya Bara Hindi. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Kwa nguo hizo hongo ililipwa na chakula kikanunuliwa. Hivyo nguo nyepesi ya pamba iliingia katika nyumba za Usagara zamani sana, kabla ya reli na kabla ya maduka.

Kuhusu kahawa yenyewe, desturi zilikuwa mbili. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aeleza kahawa ya Karagwe, ambayo wenyeji waliitafuna. Watu wa Pwani, kwa mfano wa Waarabu, waliinywa. Kilosa ilifuata Pwani.

Na tuyatazame maneno. Kahawa, buni, dele, finjani: yote asili yake ni Kiarabu. Lakini kukaanga, kutwanga na kuchuja ni maneno ya Kibantu. Huenda mtu akasema kwamba vitenzi hivi ni vya kazi zote za jikoni, wala havihusu kahawa peke yake. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Mama aliyezoea kuchuja tui la nazi au pombe hakungoja mgeni amfundishe namna ya kutenga maji na mashapo. Chombo na kinywaji vilitoka ng'ambo. Kazi ilikuwa yake tangu zamani.

Kazi hiyo yataka uangalifu. Buni hukaangwa kwa moto mdogo, hukorogwa bila kupumzika, kisha hutwangwa kinuni. Kitambaa kipya huchemshwa kwanza ili dondo litoke, la sivyo kahawa itanuka nguo. Unga huchemshwa pamoja na tangawizi, chungu huepuliwa, mashapo huachwa yatulie kidogo, ndipo kahawa humiminwa polepole juu ya kitambaa. Mwenye haraka hukamua kitambaa kwa mkono, na hapo huharibu kila kitu, maana unga laini hupenya na kinywaji huwa kizito. Baadaye kitambaa husuuzwa kwa maji matupu, bila sabuni, maana harufu ya sabuni haitoki. Wala hakiachwi kikauke na mafuta ya kahawa ndani yake, kwani mafuta hayo huchacha. Muuza kahawa wa barazani hana shida hizi: mashapo yake hulala chini ya dele, naye humimina kwa ustadi. Basi kitambaa ni chombo cha nyumbani hasa.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914. Tawi la kusini lilipitia Mikumi na kufika Kidatu mwaka 1965. Hifadhi ya Mikumi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia ikaufanya Mikumi kuwa mji wa wasafiri.

Hapo kitambaa kilipata sababu mpya. Dele hukaa juu ya makaa, lakini kahawa ya msafiri hutiwa katika chupa ya chai. Mashapo yakibaki ndani ya chupa yenye joto huendelea kutoa uchungu saa baada ya saa, na kahawa iliyopikwa alfajiri hainyweki adhuhuri. Iliyochujwa vema hufika Iringa na ladha yake.